Usipoziba Ufa: Habari za Nyumba za Mawe za Unguja na Msaada wa Kuzitunza

Methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" yajulikana na kila asemaye Kiswahili. Walimu huwapa watoto iwe kichwa cha insha, wazee huitumia kuwaonya vijana, na wakuu hawakosi kuitaja wanapohutubia mikutano. Walakini kwa kuwa imezoeleka kutumiwa kwa mambo ya tabia na ya dola, ni wachache wanaokumbuka kwamba maneno yake ni maneno ya ujenzi, na kwamba kwa mtu akaaye katika nyumba ya mawe na chokaa methali hiyo si mfano bali ni habari ya kweli. Ufa katika ukuta wa namna hiyo ni njia ya maji. Maji yakishaingia hulainisha udongo uliomo katikati ya ukuta na kuozesha ncha za boriti. Boriti ikioza dari huanguka, na ianguapo huuvuta ukuta pamoja nayo. Nia ya makala hii ni kuirudisha methali hiyo nyumbani kwake, katika Mji Mkongwe wa Unguja, na kuuliza swali ambalo historia zetu, zinazopenda kueleza habari za wafalme na vita, hazijaliuliza mara nyingi: mwenye nyumba alipoona paa lavuja na ukuta umepasuka, naye ajua kwamba masika yako njiani, alimwendea nani kutaka msaada?

Swali hili si dogo. Majengo ya mji huo yalipohesabiwa kwa ajili ya hifadhi yalipatikana 1,709, na sehemu kubwa yake ilikuwa katika hali ya kuharibika. Kila moja lina historia yake ya kutunzwa au kuachwa. Tukizitazama habari hizo kwa mpango, twaona kwamba msaada ulitoka katika milango minne kwa zamu: mlango wa fundi na jirani, mlango wa wakf, mlango wa serikali, na mlango wa wageni kutoka ng'ambo. Tutaitazama milango hiyo mmoja mmoja, lakini kwanza hapana budi tuijue nyumba yenyewe na adui zake.

I. Nyumba na adui zake

Kujenga kwa mawe ya matumbawe ni ustadi wa kale katika pwani yetu. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Hata hivyo nyumba nyingi zinazoonekana leo katika Mji Mkongwe ni za karne ya 19, zilizojengwa baada ya Seyyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake kisiwani na biashara ya karafuu, pembe na watumwa kuukuza mji.

Ukuta wa nyumba hizo hujengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na unene wake aghalabu ni nusu mita au zaidi. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuyachoma matumbawe katika tanuu la kuni, kisha kuizimua kwa maji na kuiacha ikae. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, ambazo kwa muda mrefu zilitoka katika delta ya Rufiji na katika visiwa vya Lamu. Boriti hizo ndizo zilizoamua umbo la chumba: kwa kuwa haziwezi kuvuka nafasi kubwa bila ya kupinda, upana wa vyumba vingi haupiti mita tatu, ijapokuwa urefu wake waweza kuwa mkubwa. Juu ya boriti hupangwa mawe mepesi, na juu ya mawe humwagwa kokoto na chokaa, vikapigwa siku nyingi mpaka vikawa sakafu. Kazi hiyo ilitaka watu wengi, na chombo chao kiliitwa kipande. Edward Steere, aliyekuwa askofu wa misheni ya Unguja, alikwisha kuliandika neno hilo kwa maana hiyo katika kitabu chake cha Kiswahili kilichopigwa chapa 1870.

Nyumba ya namna hii ina sifa moja ambayo wajenzi wa siku hizi huisahau, nayo ni kwamba huvuta pumzi. Chokaa hunyonya unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua. Ukuta ukiachwa ufanye kazi yake waweza kudumu miaka mia mbili. Ukizibwa kwa saruji, unyevu hufungiwa ndani. Chumvi iliyomo katika mawe na katika hewa ya bahari hujikusanya nyuma ya saruji hiyo mpaka ikaibandua, na ibandukapo hutoka pamoja na uso wa jiwe. Kwa sababu hiyo ukuta uliopakwa saruji huonekana mzima kwa miaka michache, kisha huharibika vibaya kuliko ule ulioachwa na ufa wake.

Adui wa kwanza, basi, ni maji. Adui wa pili ni mchwa, ambaye hufuata pale maji yalipotangulia. Adui wa tatu ni upepo, na habari zake zataka maelezo. Nyumba za kale za Kiarabu mjini Unguja zilikuwa na paa bapa la sakafu. Paa hilo ni zito mno, na upepo hauwezi kulinyanyua. Uzito wake pia huzikandamiza kuta zisiyumbe. Lakini paa bapa huvuja lisipopigwa chokaa mara kwa mara na milizamu yake isipozibuliwa, na kila chokaa mpya inayoongezwa juu ya ile ya zamani humzidishia mzigo yule yule mbebaji, yaani boriti. Mabati yalipopatikana kwa wingi, wenye nyumba wengi waliezeka paa la mgongo juu ya sakafu, au waliiondoa sakafu kabisa. Walipata ahueni ya mvua, lakini walifungua mlango kwa upepo, maana bati ni jepesi, na upepo uingiao chini yake hulisukuma juu. Hivyo kila paa lilikuwa na dawa yake na maradhi yake.

II. Tufani ya 1872

Watu wa Unguja hawakuzoea kimbunga. Kisiwa chao kiko digrii sita tu kusini mwa ikweta, na vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kawaida huzunguka mbali zaidi kusini, kuelekea Madagaska na Msumbiji. Ndiyo maana tufani ya tarehe 15 Aprili 1872 imebaki katika kumbukumbu za kisiwa kama jambo la peke yake. Sayyid Barghash bin Said alikuwa ametawala muda usiotimia miaka miwili. Tufani hiyo iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja na kuviharibu vyombo vya Sultani vilivyokuwa bandarini. Pemba haikudhurika kiasi hicho, na tangu wakati huo ndiyo iliyokuwa kisiwa cha karafuu kuliko Unguja.

Wanahistoria wameieleza sana tufani hiyo kwa upande wa mashamba na biashara. Kwa upande wa nyumba somo lake ni jingine. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa shamba pia: kodi ya fundi wa chokaa, bei ya boriti na ujira wa wapiga sakafu vilitoka katika mavuno ya karafuu. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vema. Kwa hiyo upepo wa siku moja uliweza kuzidhuru nyumba mara mbili, mara ya kwanza kwa nguvu zake na mara ya pili kwa kumwondolea mwenyewe mali ya kuzitengeneza. Mambo haya mawili hayatengani popote duniani. Anayetaka kuilinda nyumba na dhoruba hana budi kuulinda pia mfuko unaoitunza.

Hata hivyo baada ya msiba huo mji haukuachwa. Zamani za Barghash zikawa zamani za ujenzi mkubwa, na mwaka 1883 lilisimamishwa jumba la Beit al-Ajaib, lenye ukumbi mkubwa na veranda zilizobebwa na nguzo nyembamba za chuma. Jumba hilo lilikuwa jambo jipya, kwa kuwa lilichanganya ustadi wa matumbawe na boriti pamoja na chuma kilichotoka ng'ambo. Lilistahimili mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo jumba jirani la Beit al-Hukm lilibomolewa. Habari zake za mwisho tutazirudia mbele.

III. Mlango wa jirani na mlango wa wakf

Katika nyumba za kawaida msaada wa kwanza ulikuwa wa karibu. Nyumba za Mji Mkongwe zimeegemeana. Nyingi hazina nafasi baina yake ila uchochoro, na nyingine zina ukuta mmoja kwa wenyewe wawili. Nyumba moja ikianguka hufichua ubavu wa ya pili, ubavu ambao haukujengwa ili upigwe na mvua. Kwa sababu hiyo kuziba ufa wa jirani ilikuwa ni kujisitiri mwenyewe. Fundi naye hakuwa mtu wa kuitwa mara moja na kupotea. Aliijua nyumba, alijua boriti ipi ilibadilishwa lini, na kabla ya masika alipita juu ya paa kuangalia milizamu. Kazi ilikuwa ndogo na gharama yake ndogo, lakini ilifanywa kila mwaka.

Mlango wa pili ulikuwa wakf. Mwenye mali aliweza kuifunga nyumba yake isiuzwe wala isirithiwe, na mapato yake yakaelekezwa kwa msikiti, kwa maskini, au kwa jamaa zake kizazi hata kizazi. Katika sheria ya wakf kuna kanuni ambayo kwa mada yetu ina thamani kubwa: mapato ya mali iliyofungwa hutumiwa kwanza kwa kuitengeneza mali hiyo, na kinachobaki ndicho kinachogawiwa wenye haki. Wanazuoni huyaita matengenezo hayo imara, kwa jina linalofanana kabisa na neno letu la kusifia kitu kilichosimama sawasawa. Kwa maneno mengine, zamani kabla ya kuwako mamlaka yoyote ya hifadhi, mji ulikuwa na hazina yake ya matengenezo, na hazina hiyo ilikuwa imefungwa ndani ya nyumba zenyewe.

Hazina hiyo ilipungukiwa nguvu kwa sababu mbili. Kwanza, usimamizi wa wakf ulitolewa mikononi mwa jamaa na misikiti ukawekwa chini ya ofisi ya serikali, na msimamizi akawa mbali na paa linalovuja. Pili, kodi za nyumba zilibaki chini huku bei ya chokaa, boriti na kazi ikipanda. Kanuni ya kutengeneza kwanza na kugawa baadaye ilibaki katika vitabu, lakini mapato yenyewe hayakutosha hata kwa hilo la kwanza.

IV. Mlango wa serikali

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliubadilisha mji. Wenye nyumba wengi waliondoka au waliondolewa, na nyumba zao zikawa mali ya serikali. Familia zilizokuwa zikikaa katika vibanda vya Ng'ambo au mashambani zilipewa vyumba katika majumba ya mawe. Hapana haja ya kuingia hapa katika hukumu ya jambo hilo, ambalo wengine wamelijadili kwa kirefu. Kwa upande wa haki lilikuwa na maana yake, kwa kuwa watu waliokatazwa mlango wa mbele sasa walilala ndani. Kwa upande wa kuta matokeo yake yalikuwa mazito. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya jamaa moja iligawanywa kwa jamaa nyingi. Kila jamaa ilitaka jiko na mahali pa kuogea. Maji yakapitishwa katika vyumba vya juu ambavyo sakafu yake haikutengenezwa kwa maji. Mpangaji hakuwa na haki ya kutengeneza nyumba isiyo yake, na mwenye nyumba, yaani serikali, alikuwa na mamia ya nyumba na fedha chache. Ufa ulionekana na wote na haukuwa wa mtu.

Serikali yenyewe iliutambua upungufu huo. Mwaka 1985 iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 1994 ikaipa nguvu za sheria. Mpango mkubwa wa hifadhi, ulioongozwa na Francesco Siravo kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ulitengenezwa katika miaka hiyo, na mwaka 2000 UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu hapo mtu hakuweza kubomoa wala kujenga mjini bila ya kibali.

Walakini sheria ya namna hii ina mipaka yake. Yaweza kumkataza mtu asiweke dirisha la aluminiamu, lakini haiwezi kumpa fedha za kununua dirisha la mti. Yaweza kumwamuru atumie chokaa, lakini haimwonyeshi tanuu. Mwenye nyumba maskini hujiona amezuiwa njia ya rahisi bila ya kufunguliwa njia ya sawa, na mara nyingine huamua kutofanya lolote. Kuacha kufanya lolote, katika nyumba ya chokaa, ndiko kubomoa kwa polepole. Bandu bandu huisha gogo.

V. Mlango wa wageni

Msaada wa kutoka ng'ambo umefanya kazi ambazo kila mpita njia aziona. Zahanati ya zamani iliyoko mbele ya bandari, ambayo Tharia Topan aliianzisha mwaka 1887 na ikakamilika 1894 baada ya kifo chake, ilitengenezwa upya na Mfuko wa Aga Khan katika miaka ya 1990. Mfuko huo huo uliitengeneza bustani ya Forodhani pamoja na ukuta wake wa bahari, na bustani ikafunguliwa tena 2009. Kanisa la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, na ambalo Steere mwenyewe aliusimamia ujenzi wake, lilitengenezwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na shirika la World Monuments Fund, na kazi hiyo ilikamilika 2016.

Tuna haki ya kushukuru. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema wahenga. Lakini mwanahistoria aona pia mpango katika uteuzi wa wageni. Msaada mkubwa huenda kwenye jengo kubwa: jengo lenye jina, lililo mbele ya bahari, ambalo picha yake yaweza kuwekwa katika taarifa ya mfadhili. Nyumba ya ghorofa mbili katika uchochoro wa ndani, yenye jamaa nne na paa la bati lililooza, haina jina, wala haimpi mfadhili heshima. Na nyumba za namna hiyo ndizo zilizo mji. Zahanati na kanisa vyaweza kusimama peke yake vizuri, lakini Mji Mkongwe bila ya nyumba zake za kawaida ungekuwa makumbusho mawili matatu yaliyozungukwa na viwanja vitupu.

Tena msaada mkubwa huja kwa kuchelewa. Uchunguzi hufanywa, taarifa huandikwa, fedha huombwa, mkataba hutiwa sahihi. Na wakati wote huo mvua hainyeshi kwa kungoja mkataba. Beit al-Ajaib ndilo lililotufundisha jambo hili kwa machungu. Jumba hilo lilikuwa makumbusho ya taifa, lilikuwa katikati ya eneo la Urithi wa Dunia, na udhaifu wake ulijulikana. Mwaka 2012 sehemu ya veranda yake ilikwisha kuanguka. Fedha zilipatikana kutoka Oman, na kazi ya kulitengeneza ilianza. Tarehe 25 Desemba 2020, hali ya kuwa mafundi wamo kazini, sehemu kubwa ya mbele ya jumba pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili walikufa. Jumba lililostahimili mizinga halikustahimili maji na kutu. Kama jengo linalojulikana kuliko yote katika pwani yetu liliweza kufikwa na hayo, tuseme nini juu ya nyumba ambazo hakuna ajuaye majina yake?

VI. Nini kifanywe kabla ya upepo

Katika mwezi wa Mei 2024 kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilifika katika pwani ya Tanzania karibu na Mafia, na safari za vyombo baina ya Unguja na Dar es Salaam zilisimamishwa. Kusini zaidi, Kisiwa cha Msumbiji, ambacho nacho ni mji wa mawe ulio katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1991, kimo katika mkoa uliopigwa na kimbunga Gombe mwezi wa Machi 2022 na kimbunga Jude mwezi wa Machi 2025. Mji wa kisiwa hicho umegawanyika sehemu mbili, mmoja wa mawe na mwingine ambao Wareno waliuita Macuti, kwa neno letu wenyewe la makuti. Ndugu zetu hao wamekwisha kujua kwamba tufani si habari ya 1872 tu.

Mambo ya kuilinda nyumba ya kale na upepo si mageni wala si ya gharama kubwa yakifanywa kwa wakati. La kwanza ni kulifunga paa na ukuta. Mti ulazwao juu ya ukuta, ambao mafundi huuita mbati na wengine mtambaapanya, ndio unaoshika makombamoyo. Ukiwa umeoza au umekaa tu bila ya kufungwa, paa lote limekaa kama kofia. Kuubadilisha mti huo na kuufunga ndani ya ukuta kwa vyuma visivyoshika kutu ni kazi ya siku chache. La pili ni kuyakaza mabati pembeni, kwenye upenu na kwenye mgongo, ambako upepo huanzia. La tatu ni milizamu: maji ya paa yatoke mbali na ukuta, na njia zake zizibuliwe kabla ya masika na kabla ya vuli. La nne ni kuziangalia ncha za boriti ndani ya ukuta, maana huko ndiko kuoza kunakoanzia, na boriti mbovu yaweza kuongezewa mwenzake ubavuni kabla ya kuanguka. La tano ni kuziba nyufa kwa chokaa, si kwa saruji. La sita ni mbao za madirisha zifungike barabara, kwa kuwa upepo ukiingia kwa dirisha hulisukuma paa kutoka ndani.

Wako wasemao kwamba taabu yote hii ni bure, na kwamba yafaa kubomoa na kujenga kwa zege. Hoja yao ina ukweli ndani yake: mikoko imepungua na ukataji wake umewekewa mipaka, tena kuchoma chokaa kwa kuni hula miti. Lakini jawabu lake si kuacha ustadi, bali ni kuutengeneza. Mbao ngumu zilizopigwa dawa zaweza kushika mahali pa boriti, na chokaa yaweza kuchomwa katika tanuu bora lisilokula kuni nyingi. Zaidi ya hayo, nyumba ya zege iliyopandikizwa baina ya kuta za matumbawe huyumba kwa namna yake na kutulia kwa namna yake, na wanaodhurika ni majirani wa pande zote mbili.

Kwa upande wa fedha, historia tuliyoieleza yatuonyesha njia. Msaada uliofaa zaidi haukuwa ule mkubwa, bali ni ule uliorudi kila mwaka. Kanuni ya wakf, yaani kutengeneza kwanza kabla ya kugawa, yafaa ifufuliwe katika nyumba za wakf na ienezwe kwa nyumba za serikali: sehemu ya kodi ya kila nyumba itengwe kwa paa lake, isichanganywe na hazina nyingine. Wageni waombwe wasilete fedha za jumba moja tu, bali walete pia mfuko wa kazi ndogo ndogo, ambao mpangaji au mwenye nyumba aweza kuuendea kutaka mbati mmoja, mabati kumi, au magunia ya chokaa, akajibiwa kabla ya mvua. Na mahoteli na wafanya biashara wanaochuma kwa sura ya mji watoe fungu lao, kwa kuwa mgeni haji kuona hoteli. Aja kuona mji.

VII. Deni la wanachuoni

Yabaki neno moja kwa wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wao si mafundi wala si wafadhili. Mpango mkubwa wa hifadhi ya Mji Mkongwe uliandikwa kwa Kiingereza. Fundi wa chokaa na mpangaji wa chumba cha juu husema Kiswahili. Baina yao kuna msamiati mzima ambao ulikwisha kukusanywa na Krapf katika kamusi yake ya 1882, na Madan mwaka 1903, na Sacleux na Johnson mwaka 1939, lakini ambao kijana wa leo, hata aliyezaliwa Malindi au Shangani, hauelewi. Neno mbati kwake ni mabati. Neno kipande kwake ni kipande cha mkate. Mlizamu hajui kama ni kitu au ni jina la mtu. Kazi inapopotea jina lake hupotea. Na jina likipotea, mwenye nyumba hana namna ya kumweleza mtu kile anachotaka atengenezewe. Amwona fundi, amwonyesha kwa kidole, naye fundi ampa saruji.

Hapa ndipo penye msaada ambao sisi twaweza kuutoa, nao hautaki mkataba wa mataifa. Mafundi wazee wachache waliosalia waendewe, na maneno yao yaandikwe pamoja na maelezo ya kazi na michoro: si orodha ya maneno tu, bali ni namna ya kuchoma, kuzimua, kupiga, kuziba na kufunga. Kitabu kidogo cha namna hiyo, kwa Kiswahili chepesi, kikiwekwa katika mikono ya wapangaji na katika shule za ufundi, chaweza kuokoa mapaa mengi kuliko taarifa nyingi nene.

Wahenga waliotuachia methali tuliyoanza nayo hawakusema kwamba asiyeziba ufa atalala nje. Walisema atajenga ukuta, kwa sababu waliamini kwamba ustadi wa kujenga utakuwapo daima. Sisi hatuna tena amana hiyo. Tukikosa kuziba ufa leo, kesho huenda asipatikane wa kuujenga ukuta.